Mkono wa Kwanza Kwenye Mtumbwi wa Baba

Wiki iliyopita nilipeleka mahindi kusaga, mkanda wa mashine ukateleza kwenye puli, ikatoka ile harufu. Wenzangu mnaijua: mpira unaoungua polepole, umechanganyika na dizeli na vumbi la unga. Kijana wa mashine akasema, "Samahani mama, ngoja niukaze." Mimi nikaanza kucheka peke yangu, kisha machozi yakanitoka. Akadhani ni vumbi, akaniletea maji ya kunawa. Vumbi! Sikumweleza, kwa sababu foleni ilikuwa ndefu na mtoto mwenyewe amezaliwa juzi. Ninyi nitawaeleza. Harufu ile ni ya mama yangu, siku alipoushinda mwalo mzima.

Baba alikuwa mvuvi wa sangara, na alikufa kitandani. Nalisema mapema kwa sababu watu wakisikia mvuvi amekufa hukimbilia kumzamisha. Hakuzama. Alirudi kutoka ziwani akitetemeka, akaufunga mtumbwi kati ya mawe mawili pale mwaloni, ufukweni wanapofikia wavuvi, akapanda nyumbani Kiseke kwa miguu, akalala, na homa ya mapafu ikammaliza kabla mvua hazijakatika. Tukampeleka kwao, upande wa Mara, tukamzika nyuma ya mihogo ya bibi. Tuliporudi Mwanza, mimi na Mama, nyumba ilikuwa ile ile, kuku wale wale, na mtumbwi ulikuwa pale pale alipoufunga, majini.

Sasa hapo ndipo kasheshe ilipoanzia. Mtumbwi wa mbao haukai majini siku zote. Lazima utolewe nchi kavu, ukauke, uzibwe nyufa kwa pamba na mafuta, la sivyo mbao zinaoza na siku moja unaukuta umekaa chini ya maji. Kuutoa ni kazi ya wanaume wengi, kamba na nyimbo, na ujira wao ni samaki wa mboga. Kwa mitumbwi mingine ilitosha kupiga kelele ufukweni, watu wanakuja. Kwa wa Baba hakuja mtu. Mwaloni kwetu walikuwapo Wajita kama sisi, Wakerewe, Wajaluo, Wasukuma, kila mmoja na mila zake na dharau yake kwa za mwenzake, lakini kwa jambo hili moja walikuwa kitu kimoja: mtumbwi wa marehemu hauvutwi hovyo, kwa kuwa mwenyewe bado ameushika. Mkono wa kwanza kuuvuta ndio unaoupokea kutoka kwake, na mkono huo haupokei mtumbwi peke yake. Unapokea nyumba nzima: mjane, watoto, hadi masufuria. Sasa nani athubutu? Kijana akigusa kamba ile, kesho watu wataulizana anamtakia nini mke wa marehemu. Hata Mjomba Majura, kaka yake Mama wa tumbo moja, hakuweza. Kwake ingekuwa mwiko ambao hata kuutaja ni aibu.

Watu wazima waliposema mwenyewe bado ameushika, nadhani waliona kitu kama kivuli, au heshima. Mimi nilikwenda mbali zaidi. Nilijua alipoushikia. Alikuwa chini, kwenye mkuku, ule mti mrefu unaobeba mtumbwi tumboni, ameukamata kwa mikono miwili kama alivyokuwa akishika mpini wa jembe. Kwamba nilimwona kwa macho yangu akifukiwa kwenye mihogo haikunisumbua hata kidogo. Mtoto ana nafasi ya kutosha kichwani kwa mambo mawili yanayopingana, na yote akayaamini. Kila nikitoka shule nilikuwa nashuka mwaloni na kopo, naingia mtumbwini kuchota maji yaliyovuja. Kuchota si kuvuta, kwa hiyo hakuna aliyenikataza. Kabla ya kuanza niliinama ukingoni nikasema, "Shikamoo Baba." Wimbi dogo likipiga mbao kwa chini, mimi nimeitikiwa. Basi nachota maji, namsimulia mambo ya shule, na nyumba ikoje, na kuku yupi anaatamia.

Halafu magugu maji yakaja. Miaka ile mnaikumbuka, ziwa liligeuka shamba. Asubuhi unaamka unakuta kisiwa cha kijani kimeegemea ufuko, mchana upepo umekihamisha, jioni kimerudi. Kila kiliporudi kilikuwa kinausukuma mtumbwi wa Baba kwenye mawe. Nilikuwa ndani siku moja niliposikia ubao ukilia, kelele nyembamba, na maji yakaanza kuingia kwa kasi kuliko kopo langu. Nikakimbia hadi nyumbani kumwambia Mama. Aliweka mwiko chini, akashuka mwaloni, akauangalia mtumbwi kwa muda mrefu, akaziba ubao kwa kitambaa cha kichwa chake, akarudi nyumbani kichwa wazi. Mtumbwi ule ndio ulikuwa chakula chetu. Alikuwa ameshapanga kuuweka kwa wavuvi wamfanyie kazi, yeye awe tajiri wake, kama wanawake wengine walivyokuwa wameanza kufanya tangu viwanda vya minofu vifunguliwe na kila mtu mjini kugeuka mfanyabiashara. Lakini hakuna mvuvi anayepanda mtumbwi ambao haujapokelewa.

Baba mdogo Bwire alikuja Jumamosi. Alikuwa mdogo wake Baba, mtu mzuri wa sura, mcheshi, suruali yake ya mtumba imepigwa pasi ikasimama. Alikuwa na mke kwao na watoto wengi, na hakuna aliyeona hilo kama tatizo isipokuwa Mama.

"Shikamoo Baba mdogo," nikasema.

"Marahaba Nyasatu, mwanangu. Umekuwa mkubwa, eeh? Unafanana na kaka kabisa." Akakaa, akapewa maji, akanywa, akaanza kwa mbali, mvua, mihogo, bibi anawasalimu, hadi akafika. "Shemeji, nimeupita mtumbwi. Unakufa ule. Nina vijana wangu hapo. Neno moja tu kutoka kwako, leo leo naushika, tunautoa."

"Ukiushika umenishika na mimi," Mama akasema.

"Si ndivyo ilivyo? Sikukuletea mimi sheria. Na shemeji, mkono mmoja haulei mwana."

"Ndiyo maana Mungu alinipa miwili."

Baba mdogo akacheka. Huo ndio ulikuwa ubaya wake, alikuwa hakasiriki. Angekasirika tungejua pa kumshikia. Akasema atarudi Jumamosi ijayo pamoja na wazee, na akamshauri Mama afikirie, kwa sababu upepo wa ziwa haumngojei mtu. Alipoondoka Mama aliniuliza kama nimekula, nikasema bado, tukala ugali na dagaa. Katikati ya kula akauliza, si kwangu, kwa ukuta, "Walisema mkono, sivyo? Mkono wa kwanza. Hawakusema kingine?"

Mjomba Majura alikuwa nyumbani kwake hana kazi, miguu juu ya stuli. Alikuwa amepunguzwa kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, yeye na wenzake wengi, na alikuwa kwenye ile hali ya mwanaume aliyezoea kelele za mashine akakaa kimya ghafla: anagombana na jogoo. Mama hakumsalimia vizuri. Akamwambia, "Kaka, ile injini ya kusagia iliyokufa, uliyopewa kule Butimba, unaweza kuifufua?"

"Kwa nini nisiweze?"

"Ikifufuka inaweza kuvuta mtumbwi?"

Mjomba akashusha miguu. Kisha akaanza kucheka polepole, bega moja kwanza, halafu yote mawili, hadi jogoo akakimbia. "Mashine haina mkono," akasema. "Haki ya Mungu, mashine haina mkono! Dada, wewe ni shetani."

Sijawahi kuona wiki nyingine kama ile. Walitengeneza vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa tela, magogo mawili marefu juu ya magurudumu manne, ambalo lingezamishwa majini na mtumbwi kuelea juu yake. Cha pili kilikuwa kichwa cha kulivuta, na hicho ndicho kilichokula akili. Injini ilikuwa ya silinda moja, nzito, inawashwa kwa kuzungusha hendeli. Giaboksi na difu ya kuzungusha magurudumu Mjomba alivitoa Usagara, pale njia panda, kwenye pikapu iliyokuwa imelala kando ya barabara hadi mbuzi wakaifanya nyumba. Kati ya injini na giaboksi ukapita mkanda. Klachi hatukuwa nayo. Mjomba akaweka puli ndogo kwenye ncha ya mti mrefu: ukiulalia mti, puli inaubana mkanda, nguvu inapita; ukiuachia, mkanda unalegea, injini inanguruma bure. Mimi ndiye niliyeshika tochi, spana, bolti mdomoni, na nilijua kila kimoja kinakwenda wapi. Nilikuwa na miaka kumi na nilikuwa naongea kama gereji.

Tatizo likawa chuma cha fremu. Injini haiwezi kukaa juu ya mbao peke yake, itazipasua kwa kutetemeka. Mjomba alizunguka mjini siku nzima akarudi mikono mitupu na hasira. Mama akamwangalia, akaingia chumbani, tukasikia vitu vinaburutwa. Akatoa godoro. Akatoa mito. Kisha akatoa kitanda, kile cha chuma, alichonunuliwa na Baba walipooana, chenye mabomba ya kichwani yaliyojipinda kama maua.

"Dada," Mjomba akasema, safari hii taratibu. "Hicho hapana."

"Baba Nyasatu hakilalii tena. Na anayetaka kukilalia sitaki akikute." Akamwekea miguuni. "Kata."

Usiku ule tulilala kwenye mkeka, na kila usiku uliofuata. Nilimuuliza Mama kama anahuzunika. Akasema ndiyo, sana, sasa lala.

Mimi nilikuwa na huzuni yangu, na hofu, ambayo sikumwambia mtu. Nilikuwa nimemuuliza Mjomba mashine ile ina nguvu kiasi gani. Akajigamba, kama kawaida yake, "Hii? Hii ukiifunga kwenye lori lililokwama, linatoka na shimo lake!" Sasa hebu fikirini. Lori na shimo lake! Na Baba yuko pale chini ameshika mkuku kwa mikono mitupu. Ama mashine ingemng'oa vidole, ama ingemtoa naye, akokotwe mchangani mbele ya watu wote. Hilo la pili nililitaka mno hadi nikashindwa kula. Ijumaa nikashuka na kopo, nikainama ukingoni karibu nitumbukie. Nikamwambia, "Baba, kesho inakuja mashine. Ni ya Mama, usiogope. Kama huwezi kuja, uachie mapema usiumie. Lakini kama unaweza, shika sana." Nikangoja. Wimbi likapiga mara moja. Sikujua limejibu lipi katika hayo mawili.

Jaribio tulilifanya uani Ijumaa hiyo hiyo jioni. Mjomba akazungusha hendeli, injini ikakohoa, ikakohoa, ikashika, majirani wakatoka. Akaingiza gia ya kwanza, akaulalia mti kwa madaha ya mtu anayepigwa picha. Kichwa kikaondoka kwa kishindo, kinyumenyume, kikabomoa banda la kuku na nusu ya jiko. Kuku walitawanyika hadi kwa jirani yetu Mchungaji. Gia ya pili, nyuma kwa kasi zaidi. Ya tatu, sitaki kusema. Mjomba alikaa chini kwenye vumbi, mikono kichwani, kisha akaelewa na akaanza kujitukana mwenyewe. Miaka yote aliyokaa na mashine, injini humtazama mtu: kwenye kinu inageuzwa uso kwa msagaji ili aone mkanda na oili. Basi na hii aliifunga vile vile, uso kwa mtu, bila kuwaza, na kila kitu kikawa kinazunguka upande wa pili. Mashine ya barabarani ameiweka kama iko ndani ya kinu! Mkanda ungekuwa mrefu angeukunja umbo la nane na dunia ingenyooka. Ulikuwa mfupi. Kufungua vyote na kugeuza ilikuwa kazi ya siku mbili, na wazee walikuwa wanakuja asubuhi.

"Kwa hiyo mbele hakiendi kabisa?" Mama akauliza, jivu la jiko lake limemjaa usoni.

"Kinakwenda kwa rivasi," Mjomba akasema kinyonge. "Rivasi ndiyo imekuwa mbele."

"Na rivasi ina nguvu?"

Mjomba akainua macho. "Kwenye pikapu ile, hakuna gia yenye nguvu kuishinda. Mbio ndiyo haina."

"Nani amekwambia nataka mbio?" Akachukua ufagio, akaanza kukusanya mafiga.

Asubuhi tulishuka Kiseke hadi ziwani kwa rivasi, polepole, moshi mweusi juu yetu, watoto wa mtaa mzima nyuma. Mwaloni walikuwa wamejaa. Baba mdogo alikuwepo na wazee wake, na wavuta kamba, na Mzee Masanja, mwenyekiti wa mwalo, Msukuma mnene asiyependa kuharakishwa na asiyependa mambo mapya, na leo alikuwa ameletewa yote mawili.

"Mama Nyasatu. Habali za kwako. Hii ni kitu gani?"

"Shikamoo Mzee. Ni mashine."

"Marahaba. Ya nini?"

"Ya kuvuta mtumbwi wangu."

Ikaanza minong'ono. Mjomba Majura alikuwa ameshapanda juu ya jiwe kubwa, mbali, mikono kaifungia mgongoni kwa kanga ya Mama ili kila mtu aone kwamba hajagusa kitu. Alikaa hivyo muda wote akipiga kelele za maelekezo. Baba mdogo alizunguka kile kichwa, akainama, akagusa bomba lililojipinda kama ua. Nilimwona alivyokitambua. "Shemeji," akasema, na kwa mara ya kwanza hakucheka, "hiki si kitanda cha kaka?"

"Ndicho."

Akauondoa mkono. Mama akafunga kanga kiunoni, akaingia majini hadi kifuani. Akalizamisha tela. Mtumbwi ukafunguliwa kamba kwenye mawe na yeye akausukuma kwa upondo hadi juu ya tela, kwa sababu sheria ilisema kuvuta, na kusukuma ni kusukuma. Mama aliijua sheria ile kuliko walioitunga. Mimi nilikuwa ndani nachota maji. Mtumbwi ukakaa juu ya magogo. Akaufunga mwenyewe, kwa mafundo aliyokuwa akifunga Baba, akanitoa kwa mikono yake, akanisimamisha mchangani. Chini ya matairi ya kichwa alikuwa ametandika magugu maji yaliyokauka, matuta na matuta yake, tuliyoyakusanya wiki nzima. Watu waliyalaani magugu yale toka yaingie, na sasa yalikuwa barabara.

Akazungusha hendeli. Injini ikashika. Akaingiza rivasi, akageuka uso kwa mtumbwi, akaulalia mti.

Mkanda ukalia, ukateleza. Hapo ndipo moshi wa mpira ulipotoka na kutufunika. Tela halikusogea. "Umekaza kidogo!" Mjomba akapiga kelele juu ya jiwe. "Lala dada! Lala!" Mama akalala. Miguu ikanyanyuka juu, kifua chote juu ya mti, akawa ananing'inia pale na maji yanamtiririka, na matairi yakaanza kutafuna magugu, na kamba ya tela ikanyooka hadi ikatoa matone. Mimi nilikuwa sitazami mashine. Nilikuwa nimepiga magoti pembeni ya maji, natazama pale mkuku unapokutana na ziwa. Nikawa nasema, shika, shika, shika. Kisha naogopa, nasema achia.

Mtumbwi ukatoka. Haukuruka, haukukimbia. Ulipanda kidogo kidogo, maji yakamwagika pembeni, ukaja wote, mwili mzima, hadi nyuma, ukasimama kwenye mchanga mkavu ukidondosha konokono na mizizi. Mama akauachia mti, akaanguka kwa makalio. Injini ikawa inanguruma peke yake. Hakuna aliyeshangilia, kwa sababu walikuwa hawajui kama inaruhusiwa.

"Hiyo ni mashine," Baba mdogo akasema mwishoni. "Wazee, mkono haujaonekana. Mtumbwi bado haujapokelewa. Au mashine sasa ndiyo itakuwa mume?"

Baadhi wakacheka. Mama akasimama. Alikuwa ameloa, jivu na oili na matope, kanga imemganda mwilini, na sijawahi kuona mtu mzuri kuliko yeye. "Mzee Masanja," akasema, "ule mti ungejilaza wenyewe?"

Mzee Masanja alifikiri. Haraka hakuwa nayo. Akaenda hadi kwenye kichwa, akaulalia ule mti kwa kiganja kimoja, mkanda ukakaza, mtetemo ukampanda mkononi hadi shavu likacheza. Akauachia upesi. "Haujilazi," akasema.

"Mliposema mkono wa kwanza, mlisema uwe wa mwanaume?"

Wazee wakatazamana. Jamani, hawakuwahi kusema! Haikuwahi kumjia mtu akilini kwamba kuna haja ya kusema. Mama akaunyanyua mkono wake wa kulia, mweusi hadi kwenye kiwiko, na ngozi ya kiganja imechunika.

"Basi huu hapa. Nimeupokea mtumbwi, nimepokea nyumba yangu, na mtoto wangu, na masufuria yangu. Kuna mwenye swali?"

Mzee Masanja akakohoa. Akawageukia wavuta kamba waliokuwa wamesimama midomo wazi. "Mnangoja nini? Mtumbwi una mwenyewe. Sogezeni juu, wimbi lisiufuate." Nao wakaja, wote, wakaimba, na mwisho wakamuuliza Mama mboga yao, akawaambia wataidai kwa samaki wa kwanza. Baba mdogo alisimama kando kitambo. Kisha akavua viatu, akavipanga vizuri, akakunja ile suruali iliyopigwa pasi, akaja kushika pamoja nao, nyuma kabisa. Sikumpenda siku ile, lakini hilo nalikumbuka.

Watu walipotawanyika kwenda kuangalia injini, mimi niliingia chini ya mtumbwi. Palikuwa na giza na harufu ya mbao zilizolowa, maji yananidondokea shingoni. Nikaupapasa mkuku kuanzia mbele. Niligusa utelezi, konokono, msumari. Nikarudia. Nilikuwa nalia bila sauti, na kamasi, na kupapasa tu.

"Nyasatu, unatafuta nini huko?" Mama aliinama.

Nikamwambia. Nilimwambia yote, mikono, shikamoo, na kwamba nilikuwa nimemwambia ashike sana, na hakuja.

Hakucheka. Nilikuwa nimejiandaa kuchekwa. Alijilaza mchangani na kanga yake iliyoloa, akajivuta hadi kando yangu, akapeleka ule mkono uliochunika juu, naye akaanza kutafuta. Aliupapasa mkuku wote, taratibu, ubao kwa ubao, hadi mwisho, kama mtu ambaye huenda akakuta. Nilisikia anavyopumua. Alipofika mwisho aliushusha mkono.

"Hayupo," akasema. "Ameshauachia."

Akauchukua mkono wangu, akauweka juu kwenye mkuku, akaubana kwa wa kwake.

"Shika wewe," akasema.

Nikashika.